Muulize Maalim: Uwele, Wali na Bakuli la Urojo

Mwezi huu sijui mumeambizana ama vipi, mana barua na meseji karibu zote zimekuja na habari ya chakula, nani kalima mwanzo, hichi kimetoka wapi, kile kaleta nani. Bas maswali mengine nimeyaweka kiporo, nimezishika hizi tu. Walioandika kurasa tatu nimewakata maneno, msinune, nafasi yenyewe ndo hii.

SWALI: Assalaam alaykum Maalim. Mie nipo Wete. Juzi tulikuwa harusini kwa shangazi, masahani ya biriani yanapita, ami yangu akaanza, oo wali ndo chakula cha asili cha Mpemba tangu na tangu, vyengine vyote vya kuletwa. Mie nkasema bibi akitusimulia kuwa wazee wa zamani wakila uwele na mtama, wali ukipikwa sikukuu. Nkachekwa mpaka basi, nkaambiwa uwele chakula cha ndege. Maalim nambie ukweli, nkimshinda ami ntakuletea halua.

JIBU: Waalaykum salaam. Halua ianze safari, bibi yako kashinda.

Tena kashinda kwa ushahidi, sio kwa hadithi. Kaskazini ya Pemba pale Tumbe palikuwa na mji mkubwa baina ya karne ya 7 na ya 10, wataalamu wa mambo ya kale wamechimba pale, na mmoja wao, Sarah Walshaw, kazi yake ilikuwa si dhahabu wala shanga, ni majaa na meko. Udongo wa mekoni unatiwa kwenye maji unakorogwa, zile punje zilizoungua zamani zikawa makaa zinaelea juu, zinachotwa kwa kichungio kama mama anavyoosha mchele na makapi yakapanda juu, afu zinakaushwa na kutazamwa moja moja, hii ya nini hii ya nini. Punje ikishaungua haiozi tena, inakaa miaka elfu inakungoja. Na kilichojaa Tumbe ni uwele. Mpunga upo, lakini wa kutafuta.

Sasa hamia Chwaka, ya Pemba hiyo, sio ile ya Unguja, ile yenye magofu ya msikiti, ambayo ni mji ulokuja baadae, karne ya 11 mpaka ya 16. Ni jirani tu na Tumbe, ardhi ile ile mvua ile ile, lakini kwenye majaa yake mambo yamegeuka, mpunga ndo umetawala na uwele umerudi nyuma. Yani wazee wetu walibadilisha chakula.

Na mie kinachonishughulisha zaidi ni kwa nini, mana uwele ni zao la mtu mwenye akili, unastahamili jua, ardhi mbovu haiusumbui, mvua kidogo inautosha. Mpunga je? Unataka bonde, unataka maji, unataka mtu ashinde konde akifukuza ndege toka alfajiri, afu kuvuna, kupura, kutwanga, kupepeta, ndo upate sahani moja. Mtu mwenye njaa hawezi kuhama toka rahisi akaenda kwenye tabu. Walshaw alivoliangalia hili alilifungamanisha na miji kukua, Uislamu kuenea na biashara ya bahari, na karamu, na heshima ya kumlisha mgeni. Na kwa kweli hebu nambie, weye umealikwa harusi, umevaa buibui lako jipya, umeletewa sahani ya ugali wa uwele, utarudi nyumbani unasema nini? Bas na hao wa miaka elfu nyuma walikuwa watu kama sie. Wali umeingia kwa mlango wa shughuli, na ami yako alokuwa akiusifia katikati ya biriani alikuwa pahala pake kabisa.

Wasafiri nao wamesema. Al-Masudi, mwanahistoria wa Baghdad, alisafiri kuja huku na safari yake ya mwisho ilikuwa kama 916, akakitaja kisiwa cha Qanbalu ambacho wengi wanakiweka Pemba, upande wa Ras Mkumbuu. Chakula cha watu wa pwani hii alichokiandika ni mtama na mzizi mmoja unaochimbwa aridhini, na ndizi na nazi. Ibn Battuta kaja 1331, Mogadishu kaandaliwa wali wa samli na vitoweo, mpaka achari ya embe na ya ndimu ilikuwepo, lakini kufika Mombasa akakuta watu wanakula zaidi ndizi na samaki, na nafaka hawalimi, inaletwa toka upande wa pwani. Kwa hivo karne moja, pwani moja, sahani mbali mbali.

Lakini kabla hujampigia simu ami, ujue kama na huo uwele wa bibi nao mgeni. Mabaki ya uwele wa kulimwa ya zamani sana yametoka Mali, kule bonde la Tilemsi ukingoni mwa Sahara, miaka kama 4500 nyuma. Mtama umetoka Sudan ya mashariki, wamekuta alama za punje zake kwenye vigae vya vyungu vya miaka 5000. Hizi zimefika kwetu na watu walotembea na jembe lao na mbegu zao, Wabantu, toka mpaka wa Kameruni na Nigeria, kizazi baada ya kizazi mpaka wakaikuta bahari. Na mpunga asili yake bonde la mto Yangtze, China. Kwa hivo kwenye ule mkeka wa harusini asili haikuwepo hata moja isipokuwa labda samaki.

SWALI: Shikamoo Maalim. Nasoma kidato cha tatu, Chake. Kitabu kimesema kilimo kilianzia Mashariki ya Kati na kinaitwa Mapinduzi. Naomba jina la alogundua na mwaka, ticha anataka jibu Jumatatu.

JIBU: Marahaba mwanangu. Jumatatu imeshapita zamani, gazeti hili linatoka kwa mwezi, lakini soma tu.

Mtu hayupo na mwaka haupo. Hilo neno mapinduzi limetoka kwa V. Gordon Childe, mtaalamu wa mambo ya kale, ambae mwaka 1936 alikifananisha kilimo na mapinduzi ya viwanda, na kweli athari yake ni kubwa hivo, ila neno lenyewe linawapoteza watu, sisi Zanzibar tukisikia mapinduzi tunafikiria usiku mmoja, asubuhi mambo mengine. Kilimo hakikuja usiku mmoja.

Kamata mfano huu mana ndo roho ya somo lote. Umepata kwenda bonde la mpunga na bibi? Mpunga ukichelewa kuvunwa unapukutika. Bas nafaka za porini zote zinapukutika, tena mapema na kwa makusudi, mana mmea unataka kujipanda wenyewe, suke likikauka tu punje zinamwagika chini. Lakini katika kila konde la porini kuna mimea michache yenye kasoro, suke haliachii. Porini hiyo ni hasara, mmea huo haujipandi, unakufa na mbegu zake juu. Sasa akija mtu na mundu wa jiwe la gumegume akikata, zilizopukutika zimemponyoka, anarudi nyumbani na zile zenye kasoro nyingi kuliko zilivokuwa kondeni, na akichukua mbegu za kupanda mwakani anazichukua kwenye zile zile. Mwaka baada ya mwaka kasoro ikawa ndo ngano yenyewe. Alichagua bila ya kujua kama anachagua, na mmea nao ukafika pahala bila ya mkono wa binaadamu hauwezi kuzaa tena, kila mmoja kamfunga mwenzake.

Kuna waliopiga hesabu kwamba jambo hili lingeweza kumalizika hata kwa miaka 200. Lakini masuke yalookotwa kwenye vijiji vya zamani vya Syria na Uturuki yamesema vyengine, imechukua zaidi ya miaka elfu moja, zile za kupukutika na zisizopukutika ziko pamoja kapu moja. Mapinduzi ya miaka elfu, hebu mwambie ticha.

Na wasikudanganye kuwa walianza kwa sababu porini hakuna kitu. Jack Harlan, Mmarekani, mwaka 1966 alikwenda kusini mashariki ya Uturuki akavuna ngano ya porini kwa mundu wa gumegume, alipata kama kilo moja ya punje safi kwa saa moja. Akapiga hesabu, familia moja ikivuna wiki tatu inapata nafaka zaidi ya inayoweza kula mwaka mzima, bila ya kulima hata tuta.

Sasa Mashariki ya Kati. Hilali ya Rutuba, toka Palestina na Jordan ikapanda Syria na Uturuki ikashuka Iraq mpaka Iran, ngano, shayiri, adesi, dengu na njegere zimelimwa huko kuanzia miaka kama 11,500 mpaka 10,000 nyuma. Hapo kitabu chako kiko sawa. Kosa ni kusimama hapo. China wamelima mpunga kusini na mtama wao mdogo kaskazini, peke yao. Mexico wamelitoa hindi kwenye jani moja linaitwa teosinte, lina punje chache ngumu kama kijiwe, ukioneshwa hutoamini kuwa ni babu wa mahindi, na kazi hiyo ina miaka kama 9000. Milima ya Andes mbatata. Papua New Guinea pana kinamasi kinaitwa Kuk, wamekuta matuta na mitaro, na ndizi zimelimwa pale miaka 7000 hivi nyuma, UNESCO wamekitia kwenye urithi wa dunia 2008. Na Afrika tumeshasema, mtama Sudan, uwele Mali, ongeza kunde za Afrika Magharibi, mpunga mwengine kabisa wa bonde la mto Niger ambao si ule wa China, na Waethiopia na tefu yao, nafaka yenye punje ndogo mno, na kahawa. Hawa wote hawakupigiana simu.

Utauliza kwa nini ngano haikushuka tu mpaka kwetu tukapumzika. Ngano ile inataka mvua ya msimu wa baridi na jua kavu la kuivia, ikitembea mashariki na magharibi inakutana na hali ya hewa inayofanana na kwao, ndo mana ikafika Ulaya na India. Ukiishusha kusini inakuta joto na mvua zinazonyesha wakati wa joto, inashindwa. Milima ya Ethiopia ikaweza, bondeni ikagoma. Mtama na uwele zimezaliwa na joto hilo hilo, zikashika nafasi.

Ukitaka jina la kuandika kwenye daftari bas andika Nikolai Vavilov, Mrusi, alizunguka dunia akikusanya mbegu, na 1926 akaandika kuhusu vitovu vya mimea, kwamba pale penye namna nyingi zaidi za zao ndo karibu na kwao. Alikufa kwa njaa jela, mji wa Saratov, 1943. Na wenzake walobaki na ghala la mbegu Leningrad wakati mji umezingirwa na Wajerumani, wengine walikufa kwa njaa na magunia ya mpunga na nafaka yako mbele yao hawakuyagusa. Nkifika hapo kila siku nasimama kidogo.

SWALI: Maalim mie mtu wa Kojani, mvuvi mwana wa mvuvi. Sijapata kushika jembe na nakula kila siku. Sasa hao watu walokuwa wanawinda na kuvua wanakula vizuri, walipatwa na nini mpaka wakenda kujitesa na kulima?

JIBU: Ndugu yangu hili swali lako limewatoa jasho maprofesa.

Kuna mmoja angekupenda, Carl Sauer, mwanajiografia wa Marekani. Mwaka 1952 alisema kilimo hakikuanzishwa na wenye njaa, mtu mwenye njaa hana muda wa kufanya majaribio, bas waloanza lazima wawe walokaa pahala pamoja na wana chakula cha uhakika, na akawataja wavuvi wa kandokando ya maji Asia ya Kusini Mashariki, kwamba hao ndo walianza kuchomeka vipande vya magimbi na viazi vikuu na migomba nyuma ya nyumba zao, mbegu zikaja baadae. Kuwa wao ndo wa mwanzo duniani halijathibiti, lakini ile hoja yake ya mtu alieshiba bado inawasumbua watu, na mie naipenda.

Wengine wanasema ni hali ya hewa. Miaka kama 12,900 nyuma, dunia inatoka kwenye baridi kubwa, baridi ikarudi ghafla ikakaa zaidi ya miaka elfu, mpaka 11,700 hivi, na baada ya hapo ikatulia. Kabla ya utulivu huo kulima ni kamari tupu. Ester Boserup, mtaalamu wa uchumi wa Denmark, nae 1965 akaja na lake, kwamba watu wakizidi ndo wanazidi kuitesa ardhi, hakuna anaelima mara mbili kwa mwaka kwa mapenzi.

Lakini kuhusu kujitesa, uko sawa kabisa na mifupa inakuunga mkono. Kijiji cha Abu Hureyra, Syria, mifupa ya wanawake imekutwa imeharibika vidole gumba vya miguu, magoti na mgongo, kwa kupiga magoti masaa na masaa wakisaga nafaka kwenye jiwe. Mama zetu na kinu na mchi na mbuzi ya nazi wanalijua hili bila ya kwenda Syria. Na pahala pengi walipoanza kulima meno yakaoza zaidi na watu wakapungua urefu. Sasa kwa nini wasirudi? Mana walikuwa wameshazaa. Mwindaji anahama, mama hawezi kubeba watoto wawili mgongoni, anazaa kwa nafasi. Mkulima kakaa, kuna uji wa kumwachisha mtoto, watoto wanafatana. Vizazi vichache mbele mumekuwa wengi, wanyama wa porini hawawatoshi, mlango umefungwa nyuma yenu.

Afu usijione mgeni kwenye hilo. Unguja, pango la Kuumbi, Jambiani, kumekutwa mabaki ya watu walokaa pale zamani mno, bado Unguja imeungana na bara kwa sababu bahari ilikuwa chini, na walikuwa wanakula pundamilia na nyati. Pundamilia Jambiani! Bahari ikapanda, Unguja ikawa kisiwa. Pemba yenu ilikuwa kisiwa zamani sana kabla ya hapo, mkondo wenu ni mrefu kwenda chini, weye unaupita na ngalawa unaujua.

SWALI: Nazi je, yetu au na yenyewe imeletwa?

JIBU: Imeletwa. Vinasaba vya minazi vimeonesha koo mbili duniani, ya Pasifiki na ya Bahari ya Hindi, na huku pembe yetu, hasa Madagaska na Ngazija, koo hizo zimechanganyika, njia ya mabaharia wa Kusini Mashariki ya Asia. Nazi inaelea peke yake, sawa, lakini kukaa kwenye safu zilizonyooka kule Bububu haikuelea.

SWALI: Maalim kwema? Tuna bishano baraza ya kahawa hapa Mji Mkongwe. Urojo ni wa Wahindi au wa Waswahili? Tumewekeana bakuli kumi.

JIBU: Wanangu nyinyi hamna kazi, lakini bakuli kumi si mchezo, tukae tulipekue bakuli.

Ule uji wenyewe wa manjano, unga wa ngano na bizari. Ngano Hilali ya Rutuba, bizari ya manjano Bara Hindi. Bajia za dengu, dengu jirani wa ngano, Uturuki ya kusini mashariki, kapita India kajifunza kukaangwa. Kachori na vipande vya mbatata, Andes, karibu na ziwa Titicaca, na neno mbatata tumelipata kwa Wareno wanaosema batata, na wao wamelitoa visiwa vya Karibi ambako lilikuwa jina la kiazi kitamu, kwa hivo tumechukua jina la kiazi chengine tukamvika huyu. Chipsi za muhogo juu, Brazil. Pilipili, Mexico, japo jina lake tumempa la pilipili manga ya India, mana walipokuja Wareno na kile kikali kipya watu wakakiona kikali bas nacho pilipili. Embe mbichi ya kutia ukali, India. Chatne ya nazi, tumeshasema. Yai, kuku katoka Kusini Mashariki ya Asia. Mishkaki ya ng'ombe mwenye nundu, ukoo wa nundu ni wa bonde la Indus. Ukimtia ukwaju badala ya embe, hapo ndo umepata wa Afrika, mkwaju ni wetu, na Wahindi wameuchukua zamani mpaka wakaufanya wao.

Sasa angalieni jambo moja. Mbatata, muhogo na pilipili zilikuwa ng'ambo ya bahari ambayo hapana mtu wa kwetu alieijua. Columbus kavuka 1492, Vasco da Gama kaja pwani hii 1498, baada ya hapo ndo zikaanza kumiminika, mahindi, muhogo, nanasi, kanju, pera, papai, tumbaku. Ibn Battuta angelikalishwa Forodhani leo angeijua embe na nazi na ndimu, mbatata angeuliza hii nini. Yani urojo hauwezekani kupikwa kabla ya miaka 500, hata kwa mfalme, vitu vyake havijakutana.

Hukumu yangu: mapishi mikono ya Kihindi imo, sibishi, bajia na kachori na chatne mnataka ziwe za nani? Lakini kuvitia vyote bakuli moja mpaka chipsi za muhogo juu, huo ni utundu wa hapa mjini. Gawaneni tano tano.

Na yule jamaa alieandika kutoka Makunduchi kuwa muhogo ni chakula cha mababu toka mwanzo, soma hapo juu. Muhogo umeshika kwetu karne ya 18, na ulipendwa kwa sababu unangoja, ukiuacha aridhini mwaka unakaa, nzige hawaufanyi kitu, na ardhi ya mawe yenu ya huko kusini inaukubali. Mgeni mwenye adabu.

SWALI: Babu yangu katuachia mikarafuu Mkoani, na kila mavuno naambiwa karafuu imeletwa na Sultani. Kaileta kutoka wapi na vipi?

JIBU: Sultani kaikuta. Kwao karafuu ni Maluku, Indonesia, visiwani kama Ternate na Tidore, na kwa karne nyingi haikupatikana pengine popote. Waholanzi waliposhika huko wakaizuia, wakang'oa mikarafuu kwenye visiwa wasivovitaka ili bei isishuke, kuitoa mbegu kuipeleka nje ni kosa la kuuliwa. Mfaransa Pierre Poivre akapanga wizi, miche ikafika Mauritius 1770, ikenda Réunion, na kutoka huko mwanzoni mwa karne ya 19, inatajwa kama 1812, Mwarabu wa Oman anaeitwa Saleh bin Haramil akaileta Unguja, Mtoni na Kizimbani. Seyyid Said alipoona inastawi ndo akaamrisha, kila mnazi mmoja panda mikarafuu mitatu. Mashamba yale ya Saleh yakaishia mikononi mwa Sultani, hilo hawakwambii. Na hawakwambii nani alipanda na kuchuma, walikuwa watumwa waloletwa toka bara, na utumwa kisheria haukufutwa hapa mpaka 1897.

Na Pemba kuipita Unguja kwa karafuu ni upepo tu. Kimbunga cha 1872 kiliivunja mikarafuu ya Unguja, kikaipita Pemba. Mikarafuu ya babu yako Mkoani isome na hilo.

SWALI: Maalim mie nalima mwani, Paje. Shemegi yangu ana shamba la tungule, ananambia mwani si kilimo ni kuokota pwani tu. Naumia kwa kweli, mana naamka na maji yanavotoka, napiga vigingi, nafunga kamba, jua utosini mgongo umeinama. Ni kilimo au si kilimo?

JIBU: Mwambie shemegi yako akae chini tumhesabie.

Kuokota ni kuchukua kilichojiotea. Weye unachagua mbegu, unakata vipande kwenye mwani ulokua vizuri, unaufunga kwenye kamba, unauangalia, unatoa magugu na samaki wanaoula, unavuna, afu unabakisha wa kupanda. Hiyo ni kazi ile ile ya mtu wa Yangtze na wa Kuk, tafauti weye konde lako linakuja na kuondoka na bamvua. Na kupanda kwa kipande badala ya mbegu ndo muhogo unavopandwa, ndo ndizi, kile kilimo Sauer alichokitia mikononi mwa wavuvi.

Mwani huu wa biashara ulianza kulimwa pwani yenu ya mashariki, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na mbegu zilitoka Ufilipino. Hebu litazame, ni njia ile ile ya nazi, ya ndizi, ya karafuu, bahari ile ile toka mashariki, ila mara hii hatuhitaji kukoroga udongo kwenye ndoo kujua nani kapanda, mana waloanza mnawajua kwa majina na wengine bado wanashuka pwani na nyinyi. Wengi wao wanawake, na pesa yake wameishika wenyewe, nadhani hapo ndo shemegi panapomuuma.

Ila kuna jambo lazima tuseme. Ule mwani mnene mnaouita kotonii, wenye bei nzuri, unakufa maji yakipata moto, na kule kwenye maji madogo watu wengi wameuacha wamebaki na ule mwembamba, spinosamu, wa bei ndogo. Wengine wanajaribu kuusogeza kwenye maji marefu kwa maboya na nyavu, huko unahitaji ngalawa na kuogelea, na wanawake wengi wa rika lako hawakufundishwa kuogelea. Nimesikia kuwa huko kwenu sasa kuna wanaojifunza. Kama na weye umo niandikie unambie maji marefu yanakupa kamba ngapi kwa bamvua moja, na kama mche unaotoka huko ukiurudisha maji madogo unastahamili au unanyauka vile vile, mana hilo la pili ndo ntakalolitaka zaidi.